Saa za Msaidizi, Saa za Mama

Kazi ya muda ya kumsaidia kijana mwenye ulemavu wa akili ni mojawapo ya ajira zinazowapokea Waafrika Mashariki waliokwenda Uingereza kusoma au kutafuta maisha. Mwanafunzi wa shahada mwenye viza ya masomo haruhusiwi kufanya kazi zaidi ya saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, na zamu za jioni na za wikendi huenea vizuri ndani ya kipimo hicho. Kabla ya kuanza, rekodi yake ya jinai huchunguzwa. Kisha hufundishwa huduma ya kwanza na namna ya kumhudumia mtu anayeshikwa na kifafa: kichwa kikingwe, kitu chochote kisitiwe mdomoni, dakika zihesabiwe, na degedege likipita dakika 5 gari la wagonjwa liitwe kwa namba 999.

Mshahara hutoka kwenye fedha za umma. Huko England, Sheria ya Matunzo ya 2014 inaitaka halmashauri ipime mahitaji ya mtu mzima mwenye ulemavu. Akistahili msaada, fedha zake zinaweza kupelekwa kwake au kwa familia ili wamwajiri msaidizi wanayemtaka wenyewe. Mnamo Aprili 2025 kima cha chini kwa mwenye miaka 21 na zaidi kilikuwa pauni 12.21 kwa saa. Usiku wa kulala kazini una hesabu yake. Machi 2021 Mahakama ya Juu iliamua kwamba katika zamu ya namna hiyo, saa zinazoingia kwenye kima hicho ni zile tu ambazo msaidizi yuko macho kwa ajili ya kazi. Uamuzi huo uliwauma wengi, na kwa haki, kwani anayelala sikio likiwa wazi hajapumzika.

Wanaoiona kazi hii kuwa ni kuogesha na kulisha tu hawajaijua. Sehemu kubwa ni kufundisha. Kijana wa miaka 22 anataka kwenda chuoni peke yake kwa basi. Ana kadi inayompa usafiri wa bure siku za kazi kuanzia saa tatu na nusu asubuhi. Safari hiyo hukatwa vipande: kuitambua namba ya basi, kupunga mkono, kugusisha kadi, kukaa, kulikumbuka duka lililo kabla ya kituo chake, kubonyeza kengele. Mwanzoni msaidizi huketi ubavuni mwake, baadaye viti viwili nyuma, na mwishowe humngojea kituoni. Kinachoshinda wengi ni kunyamaza. Basi limesimama, dereva anatazama, foleni inahema, na kijana anapekua mfuko wa kulia ilhali kadi imo katika ule wa kushoto. Msaidizi anaiona ncha yake. Akiichomoa, watawahi chuoni, lakini kesho kijana atasimama akimngoja aichomoe tena.

Hapo malezi ya nyumbani hukutana na sheria ya ugenini. Aliyekulia Moshi au Kisumu amezoea kumwita mtu kama huyo mtoto hata akiwa na ndevu, na kumwamulia nguo, chakula na saa ya kulala, kwa mapenzi kabisa. Sheria ya Uwezo wa Akili ya 2005, inayotumika England na Wales, inamchukulia kila mwenye miaka 16 na zaidi kuwa anaweza kujiamulia mpaka ithibitike vinginevyo. Pia inasema uamuzi usio wa busara pekee si ushahidi tosha kwamba mtu hana uwezo huo. Kijana akiamua kununulia pesa zake za wiki michezo ya kompyuta, msaidizi humweleza kitakachobaki, kisha humwachia uamuzi. Ni heshima ambayo watu wazima wengi wenye ulemavu huu Afrika Mashariki hawajawahi kuionja.

Hata hivyo, kijana huyo wa England anaweza kumaliza wiki nzima bila kukaa na mtu asiyelipwa kuwa naye. Kati ya kila watu 100 wa umri wa kufanya kazi wenye ulemavu huu wanaohudumiwa kwa muda mrefu na halmashauri za England, wenye kazi ya ujira ni kama 5 tu. Msaidizi akihama, rafiki naye ameondoka. Kijana wa Tanga au Kakamega ana binamu, majirani na watoto wa mtaa wanaomjua kwa jina. Wapo pia wanaomcheka au kumfungia ndani, lakini hakosi watu.

Anayekosa ni mama yake, na anachokosa ni saa. Katiba ya Kenya ya 2010, katika Ibara ya 54, inamhakikishia mtu mwenye ulemavu heshima, hata katika namna anavyoitwa, na Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010. Mpango wa Inua Jamii wa Kenya huzipa kaya zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa shilingi 2,000 kwa mwezi. Fedha hiyo husaidia unga na sabuni, lakini hainunui alasiri ya mapumziko. Mzigo humwangukia mama, na nguvu zikimwishia, dada mkubwa anayeacha masomo.

Anayefanya kazi hii ughaibuni na ana ndugu mwenye ulemavu huu nyumbani kwa kawaida hutuma pesa ya dawa na chakula. Ingefaa atume na pesa ya saa: jirani anayeaminika alipwe alasiri mbili kwa wiki, siku zijulikane, na mama awe huru kwenda sokoni, hospitalini au kulala tu. Jirani huyo apewe karatasi yenye hatua za kazi moja anayofundishwa kijana, kama kuchota maji au kupanda daladala ya kwenda kwa shangazi, na aelezwe lini asaidie na lini angoje. Akipata likizo, msaidizi anaweza kumfundisha jirani huyo kwa siku chache, kijana mwenyewe akiwepo na akiulizwa kwanza anataka kujifunza nini.