Kuunda Kompyuta Yako

Mvuvi wa Msambweni hapimi tanga kabla ya kuupima mlingoti. Ajua kwamba tanga kubwa juu ya mlingoti mbovu humwangusha mwenye chombo baharini. Hekima hiyo niliiona tangu utoto wangu, lakini siku nilipotaka kuunda kompyuta yangu niliisahau. Msomaji, nitakusimulia kosa langu ili lisije likawa lako.

Nilipotoka chuo cha ualimu na kupewa kazi Kwale, nilitamani kompyuta ya mezani ya kupigia chapa mitihani na kuhifadhi alama za wanafunzi. Fedha yangu haikutosha. Mama yangu aliniazima fedha aliyoiweka kwa kununulia mabati, maana makuti ya nyumba yake yalikuwa yamechakaa. Alisema, "Chukua, mwanangu, lakini masika yasinikute chini ya makuti haya." Niliahidi.

Nilivuka Likoni kwa feri, nikaingia madukani Mombasa kama mwenye njaa aingiavyo sokoni. Prosesa, ambayo ni ubongo wa kompyuta, niliichagua ile iliyosifiwa kuliko zote. Kumbe haikuweza kutoa picha kiooni yenyewe, ikanilazimu kununua na kadi ya picha. Vitu hivyo viwili vilimeza karibu fedha yote. Kikasha cha umeme, ambacho mafundi hukiita pawasaplai, nilikinunua kwa masalio ya mfuko. Kilikuwa chepesi mkononi na hakikuwa na jina. Kazi ya kikasha hicho ni kuupokea umeme wa ukutani wa volti 240 na kuugeuza kuwa volti 12, 5 na 3.3 zinazotumiwa na sehemu nyingine. Nilikidharau kwa kuwa hakina fahari.

Jioni moja umeme ulikatika, kisha ukarudi kwa kishindo. Nilisikia mlio mdogo, nikanusa harufu ya kuungua. Kikasha hakikufa peke yake, bali kilikufa pamoja na ubao mkuu, ambao sehemu zote huunganishwa juu yake. Masika yakaja, mama akapanga sufuria sakafuni kukinga matone. Hakunilaumu hata kwa neno moja, na kimya chake kiliniuma kuliko lawama.

Niliiuza kadi ya picha, nikaongeza mshahara wa miezi kadhaa, nikanunua mabati kwanza. Kisha nilianza upya kwa kalamu na karatasi. Niliandika kazi niitakayo kabla ya kuandika jina la kitu chochote. Kazi ya mwalimu haihitaji kadi ya picha. Kwa hiyo nilichagua prosesa ya Ryzen 5 5600G, ya mwaka 2021, ambayo hutoa picha yenyewe.

Baadaye nilitafuta upatanifu. Prosesa hukaa katika kiti kiitwacho soketi, na si kila kiti huifaa. Kampuni ya AMD ilileta soketi ya AM4 mwaka 2016 na ya AM5 mwaka 2022. Prosesa ya moja haiingii katika nyingine. Ubao wa AM4 hupokea kumbukumbu za DDR4, na wa AM5 hupokea za DDR5. Asiyeuliza mambo haya hurudi nyumbani na vitu vizuri visivyokubali kuishi pamoja. Mimi nilitwaa ubao wa AM4, kumbukumbu ya gigabaiti 16, na kikasha cha umeme cha wati 450 chenye kinga dhidi ya umeme uliozidi. Kati yake na ukuta niliweka betri ya akiba, kwani umeme wetu hukatika mara kwa mara. Kasha nalo hulifungua na kulifuta vumbi, maana hewa ya chumvi ya pwani hula chuma.

Kompyuta hiyo haina sifa ya kujivunia mbele ya watu, lakini ndiyo niandikiayo maneno haya. Basi nawe, msomaji, usiulize ni kipi kikubwa kuliko vyote dukani. Uliza ni vipi vinavyopatana, na ni kazi gani utavipa. Na ikiwa fedha uliyonayo ni amana ya mtu aliyekuamini, uliza mara mbili kabla ya kuvuka maji.