Kabla ya Kuvuka Ziwa, Uliza

Wahenga walisema: Msafiri maskini ajapokuwa sultani. Neno hilo nalijua tangu utoto, lakini maana yake niliionja miaka michache iliyopita, tulipovuka Ziwa Tanganyika kutoka Kalemie kwenda Kigoma, mimi, mke wangu na mtoto wetu wa miaka minne. Dada yangu mkubwa, aliyeolewa huko, alikuwa mgonjwa, naye alituma habari kwamba anataka kutuona.

Ziwa letu si kidimbwi. Urefu wake wapata kilometa 670, na kina chake hufika karibu mita 1,470. Duniani pote ni ziwa moja tu linalolipita kwa kina, nalo ni Baikal la nchi ya Urusi. Nchi nne zakutana katika maji yake: Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia. Toka Kalemie hata Kigoma ni zaidi ya kilometa 100. Sisi tuliozaliwa ufukoni twaliona kila asubuhi, na kwa sababu hiyo twadhani twalijua. Nami nilidhani hivyo. Nilifunga unga, samaki wakavu, nguo na zawadi za dada. Sikwenda kumwuliza hata mtu mmoja aliyekwisha kuvuka.

Jambo la kwanza lilitukamata kabla hatujaondoka. Mimi na mke wangu tulikuwa na kadi za chanjo ya homa ya manjano, ile kadi ambayo msafiri huombwa mpakani. Mtoto hakuwa nayo. Nilimpeleka kwa mwuguzi siku moja kabla ya safari, nikidhani kazi imekwisha. Mwuguzi akamchoma sindano, akaandika kadi, kisha akaniambia: “Baba, kadi hii itaanza kuwa na nguvu baada ya siku kumi.” Siku kumi! Tangu mwaka 2016 chanjo hiyo yahesabiwa kuwa ya maisha yote. Mtu akiipata mara moja, yatosha. Ningaliweza kumchanja mtoto mwaka mzima kabla. Badala yake dada yangu alilala kitandani akihesabu siku, nasi tukakaa nyumbani tukizihesabu pia.

Siku zilipotimia tulishuka bandarini. Boti la mbao lilikuwa tayari, na mwenyewe akituita kwa haraka. Nauli nilikwisha kulipa. Lakini magunia yalikuwa yamepangwa hata juu, watu wameketi juu ya magunia, na ubavu wa boti ulibaki shubiri mbili tu juu ya maji. Upepo wa kusini ulikuwa ukivuma, kwa kuwa ulikuwa wakati wa kiangazi, ambapo upepo huo huwa mkali. Mke wangu akauliza maboya ya kuvaa yako wapi. Hayakuwapo. Akasema: “Baba watoto, mimi na mtoto hatupandi.” Nikakasirika, nikafikiri juu ya fedha zangu na juu ya dada yangu. Hata hivyo tulirudi nyumbani, tukangoja chombo kingine siku mbili.

Boti lile lilifika salama, nami kwa muda mrefu nilimkumbusha mke wangu jambo hilo. Nilinyamaza tarehe 3 Oktoba 2024, siku ile boti lililojaa abiria kutoka Minova lilipozama katika Ziwa Kivu, karibu kabisa na Goma, watu ufukoni wakitazama. Wengi walikufa. Basi, ndugu msomaji, kabla ya kutia mguu chomboni, tazama ubavu wake na maji, tafuta boya la kila mmoja, hasa la mtoto, na ukiona mashaka, rudi. Nauli hupatikana tena.

Tulipofika Kigoma tulimkuta dada ameanza kupata nafuu. Alilia, akacheka, akauliza mbona tumekawia. Nikaona haya kumweleza.

Usiku wa tatu mtoto akashikwa na homa kali. Shemeji alikuwa kazini, dada hakuweza kutembea. Nikatoka mbio, nikamwomba jirani: “Nionyeshe nyumba ya mganga.” Kwetu Kongo, mganga ndiye daktari au mwuguzi wa hospitali. Jirani, mtu mwema, akanishika mkono, akaniongoza gizani kwa vichochoro hata nyumba moja ya mbali. Mlango ulipofunguliwa niliona vibuyu na mizizi. Huko, watu wengi wakisikia neno mganga humfikiri mwenye dawa za miti. Wa hospitali humwita daktari. Mzee yule alimgusa mtoto paji la uso, akasema: “Mwanangu, huyu mpeleke hospitali upesi.” Hakutaka hata senti. Lakini tulikuwa tumepoteza saa nzima, na mtoto alikuwa ameanza kutetemeka mikononi mwangu.

Hospitalini walipima tone la damu, wakakuta malaria, wakampa dawa. Asubuhi aliomba uji, nami nikamshukuru Mungu. Daktari akatueleza kwamba baada ya mbu kuuma, homa hiyo kwa kawaida hukaa siku saba au zaidi ndipo itokee. Kwa hiyo hatukuipata Kigoma. Tulitoka nayo nyumbani, katika zile siku za kungoja, tulipokuwa tumekwisha kufunga chandarua ndani ya mzigo.

Akatufundisha pia jambo lifaalo kila msafiri, kwa kuwa kipindupindu chajulikana katika fuko za ziwa letu. Maji ya kunywa yachemshwe, hata yakionekana safi. Na mtu akishikwa na kuhara, apewe lita moja ya maji safi yenye vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vya kusawazishwa, anywe kidogo kidogo huku akipelekwa hospitali.

Safari ya kurudi ilinipa fundisho la mwisho. Niliambiwa chombo chaondoka saa mbili. Mimi kazini nimezoea kutaja saa kwa namna ya Kifaransa. Nikaja bandarini mchana, na chombo kilikuwa kimeondoka asubuhi. Huko saa huhesabiwa tangu macheo. Tena saa yao imetangulia ya Kalemie kwa saa moja. Uliza daima: asubuhi au mchana, na kwa saa ya wapi?

Leo mtoto yule yuko shuleni. Hakumbuki kitu cha usiku ule isipokuwa vibuyu. Mimi nakumbuka uzito wake mikononi, na jirani aliyenipeleka mahali nilipoomba. Hakunikosea, mimi ndimi niliyekuja na neno nisilolijua.

Katika mtaa wetu wa Kalemie, nyumba ya tatu kutoka kwangu, akaa mama mmoja mchuuzi ambaye amevuka ziwa lile mara nyingi. Mambo haya yote aliyajua. Angaliniambia kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Kuuliza si ujinga, ndugu zangu. Kabla ya kufunga mzigo, piga hodi kwa aliyerudi.