Nilivyousoma Vibaya Mtihani wa Mwanangu

Wazazi wenzangu, husemwa kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Aliyesema hivyo hakuniona mimi mwezi wa Agosti mwaka 2024, hapa kwetu Msambweni. Nalikuwa na macho mawili na miwani juu yake, nimeshika karatasi ya shule mkononi, wala sikuona ilichosema. Naandika habari hii kwa kuwa nafahamu si mimi peke yangu niliyepotea katika njia hiyo.

Karatasi ile ilikuwa ya mtihani wa majaribio, ambao wengine wauita mtihani wa mwigo. Mwanangu alikuwa kidato cha nne. Chini kabisa paliandikwa D+, pointi 29 katika 84. Nikaikunja, nikamwita.

"Mwanangu," nikamwambia, "miaka minne nimeuza nazi na korosho kukulipia karo. Basi, yatosha. Shule ikifunguliwa hutarudi. Utakwenda Gazi kwa mjomba wako ukajifunze kuvua."

Akajibu kwa sauti ndogo, "Baba, huu si mtihani wenyewe."

"Nyamaza," nikasema. "Nyota njema huonekana asubuhi."

Kijana hakuongeza neno. Alifunga vitu vyake, akaenda.

Sikufanya hivyo kwa kumchukia mtoto. Mimi nalifanya KCE mwaka 1983, na siku zile baada ya kidato cha nne kulikuwa na kidato cha tano na cha sita, kisha ndipo watu wakateuliwa kwenda chuo kikuu. Njia ilikuwa na vituo vingi, na kila kituo kiliwapunguza watu. Kwa hiyo katika akili yangu kila mtihani ulikuwa mlango: ukikufungia, rudi nyumbani. Sikufikiri kwamba vituo vile viliondolewa zamani. Tangu mwaka 1989 mtoto wa kidato cha nne hufanya KCSE, na huo ndio mlango wa vyuo vyote. Vyuo vikuu havina mtihani wao wa kumpokea mwanafunzi. Bodi iitwayo KUCCPS hutazama alama za KCSE, na kwa kila kozi huyapima zaidi masomo manne yanayoihusu.

Shule ilifunguliwa tarehe 26 Agosti. Juma la pili mwalimu wa darasa alinipigia simu kuuliza alipo kijana. Nikaona ni adabu niende nikamweleze uso kwa uso.

"Shikamoo, mzee," akasema.

"Marahaba, mwalimu."

Nikamweleza uamuzi wangu. Hakubishana nami. Aliondoka, akarudi na vitabu vya majibu vya mwanangu, akaviweka mezani, akaniomba nivifungue mwenyewe.

Alianza na Hisabati. Karatasi ya Hisabati ina sehemu mbili. Ya kwanza ina maswali 16 ya lazima, yenye alama 50. Ya pili ina maswali 8, kila moja alama 10, na mwanafunzi huchagua 5 tu. Mwanangu aliyajaribu yote 8, tena akaanza nayo. Muda ni saa mbili na nusu. Aliporudi kwenye sehemu ya kwanza, muda ulikuwa umekwisha, na maswali 9 yalibaki meupe.

Kisha Insha ya Kiswahili. Hapo swali la kwanza ni la lazima, halafu huchaguliwa moja katika yale matatu yanayofuata. Kijana aliandika insha tatu, zote fupi kama barua za posta. Alipoteza alama kwa kufanya kazi asiyoombwa.

"Mzee," akasema mwalimu, "huyu si mtoto asiyejua. Huyu hajui kusoma maagizo. Hilo ni jambo la kufundishwa kwa juma moja. Mtihani huu tuliutunga sisi walimu ili tulione. Hauendi kwa Baraza la Mitihani, wala hauingizwi katika alama zake za mwisho."

Nikamwuliza pointi zile ni za nini. Akanieleza kwamba kila somo lina pointi, kutoka 1 ya E mpaka 12 ya A. Tangu mwaka 2023 hujumlishwa masomo saba: Hisabati, lugha moja, na mengine matano aliyofanya vyema zaidi. Saba mara kumi na mbili ni 84. Mwenye 46 hupata C+, nayo ndiyo alama ya chini ya kusomea shahada. Mwenye 39 hupata C ya kawaida, na hapo vyuo vingi vya stashahada viko wazi kwake. "Kutoka 29 mpaka 46," akasema, "ni pointi 17 kwa masomo saba. Ni mbili au tatu kwa kila somo. Ni mlima, lakini una njia."

Nalitoka pale nikapanda matatu, sikushuka nyumbani. Nikaenda moja kwa moja mpaka Gazi. Kusi lilikuwa lingali likivuma, na vyombo havikuwa vimekwenda mbali. Nikamkuta mwanangu ufukweni anashona wavu. Karibu yake, juu ya gogo la mnazi, palikuwa na kitabu cha Kemia, kimefungwa kwa mfuko wa nailoni kisilowe. Siwezi kueleza nilivyoona haya.

"Twende shule," nikamwambia. Hakuuliza kwa nini.

Matokeo yalitangazwa Januari 2025. Alipata C ya kawaida, pointi 43. Mama yake alishangilia, na majirani wakaja kutupongeza. Mimi nalifurahi, lakini usiku nikazihesabu zile 3 zilizopungua. Majuma mawili ya muhula wa mwisho alikuwa Gazi kwa amri yangu. Huenda asingezipata hata angalikuwapo; Mungu ndiye ajuaye. Ila sitaweza kusema kwamba sikumzuia. Nalimwomba radhi. Akasema, "Baba, yamekwisha." Sasa asoma stashahada, na nazi na korosho zaendelea kuuzwa.

Basi, wenzangu wa Diani, Lunga Lunga, Kinango na kwingineko, mtoto aletapo matokeo ya majaribio, tusiitazame ile herufi ya chini peke yake. Tuombe vitabu vya majibu, tuulize alama zilipotea wapi: kwa kutojua, kwa kukosa muda, au kwa kutosoma maagizo? Kila ugonjwa una dawa yake, na daktari hamfukuzi mgonjwa kwa kumpima joto. Tukumbuke pia kwamba hofu ni mzigo mzito: mwaka 2008, baada ya migomo mingi katika shule za Kenya, serikali ilipiga marufuku mitihani hii, kwa kuwa hofu yake ilitajwa miongoni mwa sababu za fujo. Hofu hiyo nyingine huanzia nyumbani, vinywani mwetu.

Mtaala wabadilika, na watoto wa mwisho wa 8-4-4 wanatazamiwa kuifanya KCSE mwaka 2027. Mitihani mingine itakuja kwa majina mengine. Ila kabla ya kila safari nahodha hukijaribu chombo chake karibu na pwani. Akiona kinavuja hukiziba, hakichomi moto.