Rangi Juu ya Jiwe: Kumbukumbu za Mchongaji wa Manga

Jiwe la sabuni la Kisii hutoka ardhini na rangi zake: jeupe, la maziwa, la waridi, la kijivu, na mara chache jekundu lenye mishipa. Huchimbwa Tabaka, upande wa Mugirango Kusini, kwa sururu na mtaimbo, na likiwa bado na unyevu wa shimo hukubali panga kama muhogo. Likikauka huanza ubishi. Kulikata si kazi ya kuandikia kitabu. Swali lililomsumbua mchongaji wa kumbukumbu hizi kwa miaka zaidi ya 40, na ambalo kifo cha fundi aliyemfunza kimeliacha wazi, ni kama jiwe hilo likishachongwa litiwe rangi au liachwe lilivyozaliwa.

Mchongaji huyo alizaliwa Manga, chini ya ule ukingo mrefu ambao mtu akisimama juu yake huuona mji wa Kisii na, siku isiyo na ukungu, upande wa Ziwa Victoria. Manga ni pa ndizi na chai. Jiwe lenyewe liko mbali, ng'ambo ya mji. Utoto wake hauna mengi: kuchuma chai kabla ya kengele ya shule, kupanda na kushuka ukingo, na kitabu kimoja cha sanaa chenye picha zisizo na rangi za sanamu za Ugiriki ya kale. Kitabu hicho ndicho kilichomtoa nyumbani. Alipomaliza shule alipanda matatu hadi Tabaka, akawa mwanagenzi wa jamaa ya mama yake, mzee mchongaji ambaye banda lake zima lilimwita Omogaka.

Omogaka alikuwa na kanuni moja: rangi ni ya kuficha ufa. Wakati huo wanunuzi walianza kuagiza sahani na sanamu za viboko zilizopakwa nyekundu, buluu au nyeusi, kisha kuchorwa kwa ncha ya msumari ili weupe wa jiwe utokeze kwenye mikwaruzo. Majirani walipokea oda. Omogaka alizikataa, na banda lake lilishinda na njaa mara nyingi kwa ajili hiyo. Mwanagenzi alimuunga mkono kwa ushahidi wa kitabu: Wagiriki, mabingwa wa wachongaji, waliacha marumaru yao nyeupe.

Ushahidi huo ulikuwa wa bure. Marumaru ya Paros na Naxos ilichongwa kwa patasi, ikasuguliwa kwa vumbi la jiwe kali la Naxos, kisha ikapakwa rangi: udongo mwekundu, madini mekundu ya zebaki yaliyosagwa, kijani cha madini ya shaba, na ile buluu ya Misri iliyotengenezwa kwa kuchoma mchanga, shaba na chokaa pamoja. Sanamu ya msichana Phrasikleia, iliyochongwa na Aristion wa Paros yapata mwaka 540 K.K. na kufukuliwa Attica mwaka 1972, ilitoka ardhini na wekundu wa vazi lake. Nyingi nyingine zilipoteza rangi kwa mvua, udongo na mikono ya waliozisafisha. Winckelmann, Mjerumani aliyechapisha historia yake ya sanaa ya kale mwaka 1764, aliutukuza weupe, na Ulaya ikamfuata. Kati ya 1937 na 1938, huko London, sehemu za sanamu za hekalu la Parthenon zilikwanguliwa kwa vyuma vya shaba ili zing'ae zaidi. Kazi ya Wagiriki, ya miaka ya 447 hadi 432 K.K., ikachubuliwa ngozi ili ifanane na dhana ya watu wengine.

Habari hizi zilifika Tabaka kwa kuchelewa. Mwaka 2003 jumba la sanamu la Munich lilionyesha nakala za sanamu hizo zilizopakwa rangi kufuatana na utafiti wa Vinzenz Brinkmann, na baadaye mnunuzi mmoja akaacha bandani kurasa zenye picha za nakala hizo. Mwanagenzi, ambaye sasa alikuwa fundi mwenye mvi, alizipeleka kwa Omogaka kama mtu anayeleta hukumu ya mahakama. Mzee alizitazama, akazirudisha. Wagiriki, alisema, walipewa ubao mtupu, na ubao mtupu lazima uandikwe. Jiwe la Tabaka limekuja limeshaandikwa.

Hoja hiyo ni nzito, na mchongaji wa Manga hajaishinda hadi leo. Jiwe la waridi lenye mishipa kulipaka buluu ni kumvika bibi harusi gunia. Lakini lipo jiwe jeupe lisilo na neno, na hilo ni ubao mtupu kama marumaru ya Paros. Ufa hauhusiki. Omogaka alikubali yote isipokuwa hitimisho, kwamba jiwe jeupe litiwe rangi.

Jambo jingine ambalo Omogaka hakulizungumza ni la wasuguaji. Tabaka wanaume ndio hushika panga na patasi, na wanawake ndio hukaa kwenye karai la maji na msasa, saa nyingi, hadi jiwe liwe laini kama shavu. Jina linaloandikwa chini ya sanamu ni la mwanamume. Plinius, mwandishi Mrumi, anasimulia kwamba Praxiteles, mchongaji wa Kigiriki, alipoulizwa ni zipi kati ya sanamu zake anazozipenda zaidi, alizitaja zile zilizoguswa na mkono wa Nikias, mchoraji aliyezimalizia. Vijana wanaojiita wasanii, wenye kadi za biashara na wasioweza kutaja jina la aliyewasugulia, wapime wenyewe. Wapime pia mashine ya kusagia wanayoiendesha bila maji: vumbi lile huingia kifuani na halitoki.

Umaliziaji sahihi, kwa jiwe lenye rangi na lisilo nayo, huenda hivi. Jiwe hukaushwa kivulini, kwa sababu jua kali hulipasua likiwa bado na unyevu. Husuguliwa ndani ya maji kwa msasa wa chembe kubwa, wa kati, kisha laini, bila kuruka hatua. Mkwaruzo ulioachwa na msasa wa chembe kubwa hunywa rangi zaidi ya sehemu nyingine, na hapo ndipo kazi nyingi za dukani huharibika. Rangi, kama ipo, hutiwa baada ya hapo. Kisha nta. Vitruvius, mwandishi mwingine Mrumi, aliandika kuhusu nta iliyoyeyushwa na mafuta kidogo, ikapashwa moto kwa makaa na kufutwa kwa kitani. Tabaka makaa si lazima: sanamu iliyokwisha kukauka huwekwa juani hadi ipate joto la mkono, nta ikapakwa nyembamba, ikangojwa inywewe. Juu ya jiwe baridi nta hukaa kwenye mikunjo na kugeuka ukungu mweupe, na dawa yake ni kuosha kwa maji ya moto na kuanza upya.