Tafuta Thamani ya X

Kwa muda wa miezi minane mama yangu alikuwa na mtoto nesi Marekani. Mtoto huyo ndiye mimi, na mimi sikuwa nesi.

Nilikuwa nabeba boksi, kama tunavyosema Wabongo wa huku. Boksi langu lilikuwa wazee. Nilifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee mjini Houston: kuwaogesha, kuwabadilisha, kuwageuza usiku ili wasipate vidonda vya mgongoni. Kazi ya halali, na sasa siionei haya. Lakini siku ile ya kwanza nilipompigia mama nikamwambia, "Nimepata kazi, niko na wagonjwa," naye akaitikia kwa furaha, "Yaani nesi?" mimi nikanyamaza. Ndugu msomaji, uongo mwingine hausemwi, unaachiwa tu upite. Kufika jioni barabara ya kumi na mbili yote, pale Ngamiani, Tanga, ilikuwa na habari.

Basi nikaona dawa ya uongo ule ni kuufanya uwe kweli. Nitasomea unesi. Marekani kuna vyuo viitwavyo vya jamii, ambavyo cha kwanza cha umma kilianza mwaka 1901 kule Joliet, Illinois. Havichagui mtu. Uwe na miaka kumi na nane au sitini, uwe umefeli wapi na lini, mlango uko wazi, na ada yake si ya kutisha kama ya vyuo vikuu. Nilikwenda kujiandikisha mwezi wa nane mwaka 2013, nimevaa shati la kwendea harusi.

Mlango uko wazi kweli, ila ndani kuna mlango mwingine. Walinikalisha mbele ya kompyuta nifanye mtihani wa kupima kiwango. Kiingereza nikapita. Hesabu, yule dada wa ofisini aliangalia karatasi yangu, akanitazama kwa huruma ile ya kiofisi, akaniambia kabla ya kugusa somo lolote la unesi nianze na aljebra ya kati. Unailipia, unaisoma miezi minne, unafanya mitihani yake, na haihesabiki hata kidogo kwenye cheti chako. Ni ngazi ya kukufikisha kwenye ngazi. Na lazima upate C.

Nilitaka kuondoka. Maana mimi tatizo langu na hesabu lina tarehe. Darasa la saba nilikuwa simba. Tebo nilizijua mpaka ya kumi na mbili, nikiimba kama kaswida, na wenzangu walikuwa wananiletea madaftari niwanakilishe kwa andazi moja. Kisha nikaingia kidato cha kwanza, na wiki ile ile lugha ikabadilika. Mlinganyo ukawa ikwesheni. Kipeuo cha pili kikawa skwea ruti. Mwalimu, naye Kiingereza chake kilikuwa cha kuazima kama chetu, aliandika ubao mzima, akafuta, akaandika tena, akauliza, "Andastendi?" nasi kwa pamoja, "Yees!" Ile "yees" niliiitikia miaka minne. Mtihani wa kidato cha nne ukaja kunidai majibu, nikapata F ya hesabu, na tangu hapo nikajihesabu miongoni mwa watu ambao hesabu haziwapendi.

Darasa letu lilikuwa la usiku, Jumatatu na Jumatano, kuanzia saa moja hadi saa tatu na nusu. Tulikuwa kama ishirini na tano. Akina mama waliotoka kazini na sare zao, vijana waliofukuzwa shule, binti wa Honduras aliyekuja na mtoto siku alipokosa wa kumwachia, na mzee mmoja Mwiraki, dereva wa teksi, ambaye siku ya kwanza alitutangazia kwamba somo hili ni la kwao. Akasema neno lenyewe ni Kiarabu, al-jabr, limetoka kwenye kitabu cha al-Khwarizmi kilichoandikwa Baghdad miaka ya 820 hivi, na kwamba kwa Kiarabu neno hilo ni pia kuunga mfupa uliovunjika. Tukamheshimu sana. Mtihani wa kwanza akapata 39.

Mimi 48.

Wiki iliyofuata ndipo likatokea jambo. Mwalimu, mzee mrefu mweusi wa hapo hapo Texas, mpole, aliandika ubaoni: 12 ÷ 3 × 2. Darasa karibu zima likasema mbili. Wenzetu wa huku hukaririshwa utotoni sentensi moja inayomtaja shangazi fulani aitwaye Sally, na ndani yake kuzidisha kunatajwa kabla ya kugawanya. Mimi nikasema nane, tena kwa sauti, mwenyewe nikashtuka. Akaniuliza nimepataje. Nikamwambia kwetu tuna kitu kinaitwa MAGAZIJUTO. Akacheka, akanipa kalamu niende ubaoni. Nikaandika kwa Kiswahili, mbele ya Wamarekani, Wahonduras na Mwiraki mmoja: Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa. Miaka kumi na tatu nilikuwa sijaandika hesabu kwa Kiswahili. Nilihisi kama mtu aliyekutana na ndugu yake stendi ya mabasi ya ugenini.

Mwalimu akasema safi, sasa fanya hii: 10 − 4 + 3. Nami kwa kiburi kipya nikafuata MAGAZIJUTO yangu: kujumlisha kwanza, nne na tatu saba, kumi toa saba, tatu. Akatikisa kichwa. Jibu ni tisa. Kugawanya na kuzidisha ni ndugu wa tumbo moja, akasema, na kujumlisha na kutoa hivyo hivyo. Anayetangulia ni yule unayekutana naye kwanza ukitoka kushoto. Shangazi Sally alikuwa amewadanganya wenzangu, na MAGAZIJUTO ilikuwa imenidanganya mimi, kila mmoja kwa upande wake. Nilirudi kukaa nimeaibika, lakini si aibu ile ya zamani. Hii ilikuwa na sababu ninayoielewa.

Tangu siku hiyo nikaanza kufanya hesabu kwa Kiswahili kichwani na kuandika Kiingereza kwenye karatasi. Nikitafuta vigawe vya x mraba toa tano x jumlisha sita, najiuliza: namba gani mbili zikizidishwa ni sita, zikijumlishwa ni tano? Mbili na tatu, hata mtoto wa darasa la nne anajua. Tukafika kwenye milinganyo miwili kwa pamoja. Kitabu kilikuwa na boti: inashuka mto maili 24 kwa saa mbili, inapanda umbali ule ule kwa saa tatu, tafuta kasi ya boti na kasi ya maji. Wenzangu walihangaika. Mimi bibi yangu ni wa Pangani, nimekua nikitazama watu wakivuka kwenda Bweni mto ukiwa na nguvu zake. Kwamba maji hukuongezea ukienda nayo na hukupunguzia ukienda kinyume, hilo halikuhitaji mwalimu. Kushuka kumi na mbili kwa saa, kupanda nane. Boti kumi, maji mawili. Mtihani wa pili nikapata 81. Niliibandika karatasi ile ukutani, juu ya kitanda.

Sasa sikiliza.

Darasa likitoka saa tatu na nusu usiku, kule Tanga ilikuwa saa kumi na moja na nusu alfajiri, mama ameamka kuswali. Ndiyo saa tuliyozoea kuongea, mimi nikiwa kituoni nangoja basi. Usiku mmoja wa mwezi wa kumi akaniambia vidonge vyake vya presha vimebaki kumi na vinne, na mpaka apate vingine ni siku ishirini na tano. Hakuomba hela. Mama haombi. Aliuliza tu, "Wewe nesi, hebu niambie, nikimeza nusu nusu si vitafika?"

Mfukoni nilikuwa na nauli. Ada nilikuwa nimemaliza kuilipa wiki ile, na mshahara ulikuwa bado siku kumi. Ningeweza kusema, mama, sijui. Ningeweza kusema, mama, mimi huwa naogesha wazee. Badala yake nikasema, "Ngoja nikupigie hesabu." Nikaketi kwenye benchi la kituo, nikafungua daftari. Siku za kizima ziwe x, siku za nusu ziwe y. x jumlisha y ni 25. x jumlisha nusu ya y ni 14. Nikatoa mmoja kwa mwingine: nusu ya y ni 11, y ni 22, x ni 3. Nikahakikisha, tatu na kumi na moja ni kumi na nne. Sawasawa kabisa. Nikamwambia, "Mama, siku tatu meza kizima, halafu siku ishirini na mbili meza nusu."

"Mungu akuzidishie elimu, mwanangu," akasema.

Na wallahi, nilifurahi. Basi lilipokuja nilipanda nikitabasamu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza maishani kutumia aljebra nje ya darasa, na ilikuwa imekubali.

Siku ya kumi na sita dada yangu akapiga simu saa ambayo hatupigianagi. Mama ameanguka sokoni. Kizunguzungu, kichwa kikimgonga tangu siku mbili nyuma, presha imepanda sana, wamemlaza. Daktari kauliza dawa anamezaje, naye kajibu kwa madaha kwamba anafuata maelekezo ya mwanawe, nesi wa Marekani.

Nilikopa hela kwa Mkenya mmoja tuliyefanya naye kazi, nikatuma kabla jua halijachomoza. Mama alitoka siku ya tatu. Nikangoja afike nyumbani, apumzike, kisha nikampigia na nikasema bila kuzunguka, "Mama, mimi si nesi. Sijawahi kuwa nesi."

Kimya. Nikasikia jogoo wa jirani.

"Unafanya nini huko?"

"Naogesha wazee. Na nasoma hesabu."

"Hesabu zipi? Zile zilizokushinda?"

"Hizo hizo."

Nilijiandaa kwa matusi au kilio. Mama akasema, "Basi kazini kwako si wapo manesi wa kweli? Nipe mmoja niongee naye." Siku ya pili yake, wakati wa mapumziko, nesi mmoja Mfilipino alikubali. Aliongea Kiingereza, nami nikatafsiri: dawa ya presha isikatwe bila daktari kusema, ikikaribia kuisha atoe taarifa mapema, aandike vipimo vyake kwenye daftari. Nilitafsiri neno kwa neno, sikuongeza langu hata moja.

Mwaka 2017 Texas ilipitisha sheria kwamba wanafunzi wengi wa namna yetu waingizwe moja kwa moja kwenye somo la chuo linalohesabika, na msaada wapewe pembeni, badala ya kukwamishwa kwenye ngazi za chini. Wenzangu wengi wangenusurika. Nusu ya darasa letu haikufika Desemba, na yule binti wa Honduras alikuwa mmojawapo. Naiona sheria nzuri. Ila mimi, sijui. Ningerushwa ngazi ile nisingeandika MAGAZIJUTO ubaoni.

Mtihani wa mwisho nilipata 78. Ni C, lakini C iliyonona. Nilimpigia mama nikiwa kwenye benchi lile lile, baridi imeanza. Barabara ya kumi na mbili alikuwa ameshaisahihisha mwenyewe, nyumba kwa nyumba: si nesi bado, anasomea.

"Sabini na nane kwa mia," nikamwambia.

"Si haba." Akanyamaza kidogo. "Na ile hesabu ya vidonge vyangu, mwalimu wako angekupa ngapi?"

Nikafikiri nimdanganye, nikaacha. "Angenipa zote, mama. Ilikuwa sahihi."

"Hm," akasema mama. "Basi mwalimu wako naye hajawahi kuumwa presha."