Petadi

Jumanne, 4 Machi 2025
Sentensi moja imenigomea tangu asubuhi. Mhasibu wa riwaya ninayoitafsiri kaweka kanuni kali za kulinda fedha za ofisi, na wa kwanza kunaswa ni yeye. Mwandishi anasema karushwa juu na petadi yake. Nikaandika haraka: mchimba kisima huingia mwenyewe. Nikasoma kwa sauti, nikaona haya. Kisima chetu huchimbiwa adui. Mhasibu huyu hakuwa na adui.

Alhamisi, 6 Machi
Hata Waingereza wengi hudhani petadi ni kamba au mlingoti. Kumbe ni bomu: chombo cha chuma mfano wa kengele, kimeshindiliwa baruti, kimefungwa kwenye ubao, ubao unatundikwa kwenye lango la ngome. Mwaka 1580 Henri wa Navarre aliyavunja malango ya Cahors kwa petadi. Askari aliwasha utambi, akakimbia. Utambi ukiwahi, anarushwa yeye. Jina limetoka kwenye neno la Kifaransa la kujamba, na hadi leo Wafaransa huliitia fataki.

Shakespeare kamtia Hamlet msemo huu kinywani, akiwawazia wenzake wawili wa masomoni waliokabidhiwa barua za kumpeleka Uingereza. Barua ikaishia kuwaua wao. Maneno hayo yamo katika chapa ya 1604; katika ile kubwa ya 1623 hayamo. Shylock je, wa Mabepari wa Venisi aliyotafsiri Mwalimu Nyerere? Huyo kisima kinamfaa kabisa. Alikuwa na chuki.

Jumapili, 9 Machi
Baada ya futari nilikwenda kwa mzee jirani, aliyepasua miamba miaka mingi kwenye machimbo ya kokoto.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Nikamweleza habari ya petadi. Hakucheka. Akanyoosha mkono wa kulia chini ya taa: kidole cha shahada na cha kati vimeishia kwenye pingili ya kwanza, ngozi imejikunja nchani kama mdomo wa mfuko uliofungwa.

"Utambi ulikuwa na unyevu. Nikadhani umezima, nikarudi."

"Ulikosea wapi, mzee?"

"Nilikuwa kazini, mwanangu."

Nimerudi nyumbani, nimekifuta kisima. Sasa inasomeka: baruti aliyoitega kwa mikono yake imemlipukia mwenyewe.