Tia Alama Kabla ya Kufungua

Mali bila daftari huisha bila habari. Methali hii hutajwa sana madukani na maofisini, wala hakuna karani asiyejua maana yake. Lakini mkulima mwenye trekta kuukuu naye ana daftari lake, nalo haliandikwi kwa wino. Huandikwa kwa tindo juu ya chuma. Asiyeliandika hupata hasara kama mwenye duka, na pengine kubwa zaidi.

Katika Chepsaita, upande wa Turbo, si mbali na mji wa Eldoret, matrekta ya zamani yangali yakifanya kazi. Nchi ya Uasin Gishu ilikuwa ya mashamba makubwa ya walowezi, na baada ya Uhuru wa mwaka 1963 mashamba mengi yaliingia mikononi mwa wananchi, na baadhi ya mitambo pamoja nayo. Mkulima mmoja wa Chepsaita alirithi kwa baba yake Massey Ferguson 35, aina iliyoanza kutoka viwandani katika miaka ya 1950. Trekta hiyo humlimia shamba, na baada ya mavuno huzungusha mashine ya kupukuchulia mahindi, yake na ya majirani.

Yafaa kwanza kueleza jinsi nguvu ya injini inavyofika kwenye mashine hiyo. Nyuma ya trekta hutokeza chuma kifupi chenye meno, nacho huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kwa kila sekunde. Hapo hufungwa shafti ndefu iendayo kwenye mashine. Kwa kuwa trekta na mashine hazikai katika mstari mmoja, kila mwisho wa shafti una kiungo cha kupindika: panda mbili za chuma, mfano wa panda ya manati, na katikati yake msalaba ambao mafundi huuita krosi. Ncha nne za krosi huzunguka ndani ya vikombe vidogo vilivyopangwa sindano za chuma. Shafti yenyewe ni vipande viwili, mti wa pembe nne ndani ya bomba la pembe nne, ipate kurefuka na kufupika.

Ilikuwa mwezi wa Novemba. Mahindi yalikuwa yamekwisha kuvunwa, na majirani watatu walikuwa wakingoja zamu zao, shafti ilipoanza kulia. Vumbi jekundu kama kutu lilionekana kuzunguka vikombe, dalili kwamba grisi imekwisha na sindano zinasagana zikiwa kavu. Jambo hilo halikuwa dogo. Mahindi yakikaa na unyevu huota ukungu, na ukungu mwingine una sumu ya kuua mtu na mnyama. Tena karo ya watoto ya mwezi wa Januari ilikuwa imo ndani ya magunia hayo. Mkulima alishika njia ya Eldoret kutafuta krosi mpya.

Kijana wake, mwenye bidii na mikono myepesi, hakutaka kukaa bure. Alifungua shafti yote, akauchomoa hata ule mti katika bomba lake, akasafisha kila kipande kwa mafuta ya taa mpaka kikang'aa. Baba aliporudi, kijana alitia krosi mpya, akaunganisha vipande, na kazi ikapendeza macho. Injini ilipozunguka polepole, mambo yalikuwa mazuri. Ilipoongezwa mwendo, mashine ilianza kurukaruka juu ya ardhi kama ng'ombe asiyezoea kamba, na mkulima akaizima upesi.

Jirani mmoja alisema krosi ni ya bandia. Mwingine alisema mashine haikusimama sawasawa. Mkulima aliinama, akaizungusha shafti kwa mkono.

"Mwanangu," akauliza, "kabla hujauchomoa mti huu, panda hizi mbili zilikaaje?"

"Sikuangalia, baba. Pembe zote nne ni sawa, kila upande unaingia."

"Kuingia unaingia. Hapo ndipo unapodanganya watu."

Mzee huyo alijua asemalo. Kiungo cha namna hii kikipindika, hakipitishi mwendo ulio sawa. Katika kila mzunguko huharakisha mara mbili na kuchelewa mara mbili. Ndiyo sababu shafti hupewa viungo viwili: kimoja kikiharakisha, cha pili huchelewa kwa kadiri ile ile, na mashine hupokea mwendo mtulivu. Lakini mapatano hayo hupatikana tu ikiwa panda mbili zilizo katika ncha za shafti yenyewe zimelala upande mmoja, na viungo vyote viwili vimepindika sawasawa. Mti wa pembe nne waweza kuingia kwa njia nne: mbili ni za haki, na mbili ni za makosa. Ukiingia kwa makosa, haraka ya kwanza huongezwa haraka ya pili, na mashine hupigwa mara 18 kwa sekunde. Hapo hata krosi iliyo bora haidumu.

Waliuchomoa mti, wakaugeuza robo ya mzunguko, wakaurudisha. Injini iliwashwa, na mashine ikatulia. Kabla ya kupukuchua hata gunzi moja, mkulima alizima tena, akatwaa tindo na nyundo, akapiga kitone kimoja juu ya bomba na kimoja juu ya mti, vikitazamana.

Wenye mitambo kama hiyo na wazingatie mambo machache. Sindano za kikombe zishikwe kwa grisi wakati wa kuzipanga; moja ikianguka chini ya kikombe, pete ya kuzuilia haitaingia katika mfereji wake, na kuipigilia kwa nyundo ni kuharibu kazi. Krosi ikisha kukaa, sharti iende huku na huku kwa nguvu ya mkono tu. Chuchu ya grisi ielekezwe mahali ambapo bomba la kutilia grisi litafika, na itiwe grisi kila baada ya kazi ya siku moja. Bomba na mti vipishane walau theluthi moja ya urefu wao.

Zaidi ya yote, kifuniko cha shafti kisitupwe. Shafti ambayo mzingo wake ni sentimita 20 huvuta nguo karibu mita 2 kwa sekunde moja, urefu wa mtu mzima, na hakuna awezaye kupiga kelele kabla ya hapo. Mtu asiisogelee wala kuiruka inapozunguka. Injini izimwe kwanza.

Mahindi ya Chepsaita yalipukuchuliwa yote kabla ya Krismasi, ya majirani pia. Yule kijana iko siku atakuwa mwenye trekta, na huenda baba yake hatakuwapo kumwuliza panda zilikaaje. Vitone viwili vya tindo vitamjibu.